Sauti Ambayo Haijawahi Kusahihishwa

Hotuba kwa vijana, wazazi na walimu, katika ukumbi wa parokia moja, Goma

Wababa, wamama, walimu, na ninyi vijana mlioniita: aksanti sana kwa kunipa nafasi hii. Nawashukuru hasa wale walioketi kule nyuma karibu na mlango. Nimewaona. Mimi pia hukaa hapo. Mtu wa namna yetu akiingia ukumbini hutafuta kwanza kiti cha pembeni, na kabla mkutano haujafunguliwa ameshajua nani amegombana na nani, mama yupi amelia kabla ya kuja, na mzee yupi anatamani kurudi nyumbani. Hajaambiwa na mtu. Amehisi tu.

Nimekuja kuzungumza juu ya kuhisi huko. Vijana walioandaa siku ya leo walinieleza kwamba wengi wao wamefanya lile jaribio la tabia linalozunguka kwenye simu, lile linalokupa herufi nne mwishoni. Wengine wamepata INFJ, wengine INFP, maana yake watu wakimya, wenye huruma, wanaoishi zaidi ndani kuliko nje. Na msichana mmoja akaniandikia hivi: "Mama, wanasema watu kama sisi tuiamini sauti yetu ya ndani kuliko kitu chochote. Mbona yangu inaniumiza?"

Mwanangu, sijui umeketi wapi humu ndani, na sitakutafuta kwa macho. Nimelala na swali lako wiki tatu. Ninachoamini ni kwamba sauti yako inasikia vizuri lakini inaeleza vibaya, na inapokueleza habari zako wewe mwenyewe, hapo ndipo inapotea kabisa. Nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Niseme kidogo juu ya zile herufi. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu juu ya aina za watu: wale ambao nguvu zao zinaelekea ndani, na wale ambao zao zinaelekea nje. Mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, alikisoma kwa bidii, na binti yake, Isabel Briggs Myers, akaanza kutunga maswali yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwongozo wa jaribio hilo ulichapwa mwaka 1962. Mama na binti hawakuwa wamesomea saikolojia chuoni, na hilo peke yake silioni kuwa kosa. Kinachonisumbua ni kwamba jaribio linakuuliza wewe juu yako. Ukijibu kwamba unawaelewa watu haraka, linaandika kwamba unawaelewa watu haraka. Ni kama kumuuliza mpishi kama sombe yake ni tamu. Na wengi wakilirudia baada ya wiki chache hutoka na herufi moja au mbili tofauti na zile za kwanza.

Sisemi halina faida. Kijana aliyeitwa mwenye kiburi tangu utotoni kwa sababu haongei, akisoma kwamba duniani kuna wengine kama yeye, anapumua. Nimewaona wakipumua hivyo, na siwezi kudharau kitu kinachomrudishia mtoto pumzi. Lakini herufi hizo zinasema unapenda kuelekea wapi. Hazisemi kama unafika.

Yuko mwanasaikolojia wa Texas, William Ickes, aliyeamua kupima jambo hili lenyewe. Aliwaacha watu wawili wazungumze huku wakirekodiwa kwenye video. Baadaye kila mmoja aliitazama video peke yake, akaisimamisha kila mahali alipokumbuka wazo au hisia aliyokuwa nayo, akaiandika. Kisha mwenzake aliambiwa akisie: hapa mwenzio alikuwa anawaza nini? Watu wasiojuana hupata takriban sehemu moja kwa tano. Marafiki na wenzi wa ndoa hupanda kidogo, hadi karibu theluthi. Theluthi, ndugu zangu, kwa mtu mnayekula naye sahani moja! Tena mtu kujiona hodari wa kusoma mioyo hakukuonyesha kwamba kweli ni hodari. Walio na uhakika na wasio na uhakika walikosea karibu sawa.

Sasa niwape kisa changu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na jirani, mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila asubuhi akirudi kutoka soko la Kituku na beseni lake kichwani tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Siku moja akapita bila kunitazama. Kesho yake vilevile. Sauti yangu ya ndani haikuchelewa: amekukasirikia, hukukaa kwenye kilio cha shemeji yake hadi mwisho, anasema una majivuno ya watu wa ofisi. Niliyasikia kichwani hata maneno ambayo eti aliwaambia wengine, kwa sauti yake, kwa namna yake ya kuvuta mwisho wa neno. Nikaanza kupita njia ya juu, ile ya mawe makali ya lava, ili tusikutane. Nilipita huko miezi miwili.

Aliyetufungua ni mtoto wake. Alikuja jioni moja kuomba chumvi, nami nikamuuliza kama mama hajambo. Akajibu kama watoto wanavyojibu: "Mama anakuogopa. Iko na deni yako."

Kumbe! Sisi sote wawili tulikuwa katika likirimba moja, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, wamama kumi. Zamu yangu ya kupokea ilipofika, fedha zilipungua. Mweka hazina aliniambia tu kwamba mmoja wetu ameshindwa, atalipa polepole, nami sikuuliza ni nani. Yeye alidhani najua. Kila aliponiona nimenyamaza mlangoni aliusoma uso wangu akaona dharau, na kila alipopita kimya mimi niliusoma mgongo wake nikaona hasira. Wanawake wawili wapole, wanaosifiwa mtaani kwa huruma, na wote wawili tulikuwa tumekosea kwa miezi miwili.

Ona lakini kwamba kuhisi kwangu hakukuwa kwa uongo. Kulikuwa na kitu kizito kati yetu, na nilikihisi siku ya kwanza kabisa. Maelezo ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Kilichoniuma zaidi ni ile hakika niliyokuwa nayo: kama kwao chumvi isingeisha, ningekuwa nayo hadi leo.

Kwa nini sauti inayosikia vizuri hivyo inaeleza vibaya hivyo? Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo inayopingana, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliandika makala pamoja. Klein alikuwa amewachunguza wakuu wa wazimamoto, watu wanaojua la kufanya kabla hawajaweza kueleza kwa nini. Kahneman alikuwa ametumia miaka mingi kuonyesha jinsi wataalamu wanavyokosea wakiwa na uhakika kamili. Mwishowe wakakubaliana kwamba hisia ya haraka ina haki ya kuaminiwa ikiwa mambo yenyewe yana utaratibu unaojirudia, na mtu amepata nafasi ndefu ya kuujifunza, akionyeshwa upesi alipopatia na alipokosea.

Mtazameni kambisti, mbadilisha fedha anayekaa pembeni ya barabara na mafungu yake ya franka. Unampa dola ishirini, anaipapasa kwa kidole kimoja, anakurudishia: "Hii hapana." Hajui kukueleza vizuri, lakini mwamini. Kila alipokosea katika miaka yake yote alilipa siku ileile, kutoka mfukoni mwake. Mtazameni na motari, dereva wa pikipiki anayeshuka Birere jioni, jinsi anavyojua gari lile litakata kushoto bila kuonyesha taa. Barabara imemsahihisha mara elfu.

Na sasa mtazameni mtu mkimya mwenye huruma. Anahisi mambo ya watu mara mia kwa siku. Anauliza mara ngapi? Mwalimu hakumtazama, anahisi amechukiwa, hamuulizi. Rafiki amechelewa kujibu ujumbe, anahisi ameachwa, haulizi, na rafiki labda hana mega za intaneti tangu asubuhi. Kila usiku sauti yake inaandika kazi ya nyumbani, devuari ndefu, tangu utotoni, na hakuna mwalimu aliyewahi kuipitishia kalamu nyekundu hata siku moja. Mwanafunzi huyo amefika miaka thelathini, anaandika kwa kasi sana, na makosa ya darasa la kwanza bado anayo yote.

Yule mwenzetu anayeongea ovyo, ambaye tunamwona hana adabu, anasimama katikati ya njia na kupaza sauti: "Wewe, mbona umeninunia?" Anajibiwa palepale: "Sijakununia, jino linaniuma." Amesahihishwa, ameondoka. Anahisi kidogo kuliko sisi, na katika jambo hili amesoma kutupita.

Nawaomba wazee wanivumilie, maana najua kile mnachotaka kusema. Mnataka kusema: tarehe 22 Mei, moyo wangu uliniambia.

Jumamosi ile ya mwaka 2021 sote tunaikumbuka. Jioni mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa moto, na kabla ya usiku wa manane watu walikuwa barabarani na magodoro vichwani, wengine kuelekea Gisenyi, wengine Sake. Lava ilisimama karibu na Buhene, ikiwa imemeza nyumba za watu. Siku zilizofuata kila niliyemkuta kazini aliniambia alikuwa amehisi: tangu mchana mwili ulikuwa mzito, mbwa alikataa kula, mtoto alilia bila sababu. Hata mimi nilihisi. Niliapa kwamba nilihisi.

Kisha nikajiuliza: siku ngapi nyingine mwili wangu umekuwa mzito mchana, na usiku hakuna mlima uliopasuka? Nikanunua daftari. Kwa miezi mitatu, kila moyo wangu uliponiambia jambo, niliandika tarehe na neno lenyewe, kabla ya kujua mwisho wake. Zilijaa kurasa kumi na moja. Karibu mabaya yote niliyoandika hayakuja. Na mambo mawili mazito yaliyonipata miezi ile, msiba mmoja na ugonjwa mmoja, hayamo daftarini hata kwa herufi moja. Tunakumbuka siku ambayo moyo ulipatia. Siku ambazo ulikosea hazina mtu wa kuzisimulia.

Mnakumbuka pia wiki iliyofuata, mji ulipotikisika usiku na mchana kwa mamia ya mitetemeko, hadi alfajiri ya tarehe 27 tukaamriwa kuondoka katika mitaa kumi. Wataalamu walihofu kwamba uji wa moto ulikuwa umesogea chini ya mji na chini ya ziwa. Mlipuko wa pili haukuja, na mwezi Juni watu wakarudi. Lakini miili yetu haikurudi pamoja nasi. Hadi leo lori zito likipita kwenye mawe, kikombe kikigonga sahani kabatini, kuna watu humu ukumbini ambao miguu yao iko tayari mlangoni.

Nilijifunza jambo katika siku zile nikiwasikiliza wataalamu wa mlima. Chombo kimoja cha kupima mtetemeko kinaweza kuwa kizuri kuliko vyote duniani. Kitakwambia ardhi imetikisika, saa ngapi na kwa nguvu gani hapo kilipo. Mahali mtetemeko ulipotokea hakiwezi kupaonyesha kwa uhakika peke yake. Vinahitajika vituo vitatu angalau, kila kimoja mahali pake, ndipo mistari ikutane. Na hapo hakuna kosa la chombo. Ndivyo ardhi ilivyo.

Mtu mwenye huruma nyingi ni chombo kimoja kizuri sana. Kinatikisika kwa kilio cha nyumba ya nne. Na kwa kuwa mtetemeko anausikia ndani ya kifua chake, anaamini kwamba umetokea ndani ya kifua chake. Baba amerudi na uso mzito: ni mimi. Mume amenyamaza mezani: ni mimi. Mtoto wa darasa la pili aliwahi kuniambia kwamba wazazi wake wanagombana kwa sababu yeye anakula sana. Alikuwa amesikia kweli kwamba nyumbani hakuna fedha. Alisikia vizuri kuliko wakubwa wake walivyodhani. Kisha akaichora ramani peke yake, akajiweka katikati, akaacha kumaliza sahani yake.

Saa mbaya kuliko zote ni usiku, saa nane, saa tisa. Umeme umekatika, nyumba imelala, na wewe unacheua. Nalipenda neno hili, kucheua, kwa sababu tunawajua ng'ombe wa Masisi: anarudisha mdomoni alichokula asubuhi, anatafuna tena, anameza, anarudisha. Ng'ombe anatoa maziwa. Mtu anayecheua saa tisa usiku maneno aliyoambiwa saa nne asubuhi hatoi kitu, anaamka amechoka tu, na bado anaamini alikuwa anafikiri.

Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia maisha yake kuchunguza kucheua huku. Mwaka 1989 alikuwa Stanford, California, na alikuwa amewapa wanafunzi maswali juu ya kile wanachofanya wakiwa na huzuni: je, wanatoka, wanafanya kazi, wanaongea na mtu, au wanakaa na kuigeuza huzuni yao upande huu na upande ule? Siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko la Loma Prieta lenye ukubwa wa 6.9 likapiga eneo lile. Akarudi kuwauliza wanafunzi walewale siku 10 baada ya tetemeko, kisha wiki 7 baadaye. Waliokuwa na mazoea ya kucheua kabla ya tetemeko ndio waliobaki na huzuni nyingi zaidi, hata baada ya kuhesabu hali waliyokuwa nayo mwanzoni. Mimi kama mtu wa Goma nilipoisoma habari hiyo niliifunga karatasi nikatoka nje nikasimama. Walitikiswa na ardhi moja. Kilichowatofautisha ni kile kila mmoja alichofanya usiku na sauti yake.

Wengine wenu mnasali kuliko mimi, na mtaniambia: Mama, usiiguse sauti hiyo, ni Roho Mtakatifu. Nami nasali, na siligusi hilo kwa wepesi. Lakini someni tena habari za Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Sisi wa hapa tunapenda pale upepo unapopita, na tetemeko, na moto, na Mungu hayumo, kisha inakuja sauti tulivu. Tunasahau sauti nyingine iliyomo, sauti ya Eliya mwenyewe. Amekimbia, amechoka, ameomba afe, na anasema mara mbili neno lilelile: nimebaki mimi peke yangu. Alikuwa nabii. Alikuwa na hakika. Akajibiwa kwamba wako elfu saba. Elfu saba! Na kabla ya kujibiwa hakubishiwa. Alipewa mkate na maji, akaachwa alale, akaamshwa akala tena. Nimewahi kukaa na vijana waliosema nimebaki peke yangu, na swali langu la kwanza siku hizi ni: umekula nini leo?

Hadi sasa nimesema juu ya sauti inayopiga kelele pasipo na moto. Kuna kosa la pili, na kwangu ndilo linalotisha zaidi, kwa kuwa linakuja kimya.

Kila mtoto wa hapa anajua mazuku. Gesi inatoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mabonde madogo na mashimo. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Mbuzi anashuka kula majani asubuhi na mapema, harudi. Mahali penyewe panaonekana pema, pana kijani, pana utulivu.

Nimewasikiliza wasichana wenye huruma nyingi walioishi na mtu anayewapiga, na wengi waliniambia jambo linalofanana: "Mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa. Naona jeraha lake." Na mara nyingi jeraha lilikuwepo kweli! Baba aliyeuawa, utoto wa kukimbia kutoka Rutshuru, njaa. Sauti yao ya ndani ilisikia maumivu ya mwanamume yule kwa usahihi wote, ikasikia kwa sauti kubwa kiasi kwamba haikubaki nafasi ya kusikia mbavu zao wenyewe. Huruma ikageuka kijani juu ya shimo. Mama mzazi, dada, jirani waliosimama juu kidogo waliona tangu mwanzo, na wakaambiwa: ninyi hamumjui kama mimi. Binti yangu, ikiwa watu watatu wanaokupenda, ambao hawakupanga pamoja la kusema, wanakwambia jambo moja, na sauti yako peke yake inasema mahali hapa ni salama, panda juu kwanza. Utamhurumia ukiwa juu.

Sasa kuna wanaosema wasiwasi ndiyo akili. Ni kweli kwa mambo ya mwili na mahali. Siku zile za mwisho za Januari 2025, risasi zikilia ndani ya mji, aliyelala chini sakafuni bila kungoja uhakika alifanya vizuri. Ukisita kupanda pikipiki ya kijana fulani usiku, usipande, hata kama huna sababu ya kumpa mtu. Ukikosea hapo umepoteza nini? Umetembea kwa miguu. Lakini sauti ikikwambia kwamba mdogo wako anakudharau, kwamba shemeji amekuloga kwa ulimi, kwamba wewe ni mzigo na nyumba ingepumua usipokuwepo, gharama ya kukosea ni mtu mzima. Na hiyo ya mwisho, ya kuwa mzigo, msikae nayo hata usiku mmoja. Mwamshe mtu. Gonga mlango wa jirani. Saa tisa hiyohiyo.

Basi tuulize. Najua, kusema ni rahisi. Hapa kwetu kijana hamwendei baba yake na kumuuliza usoni: umenikasirikia? Ingekuwa ukosefu wa heshima, na mimi mwenyewe nisingekubali wanangu waniulize hivyo. Lakini wazee wetu hawakutuacha bila njia. Yuko shangazi, yuko yaya, yaani ndugu yako mkubwa, yuko rafiki wa baba anayekunywa naye chai. Na kwa anayelingana nawe, usimletee hukumu yako aikubali au aikatae, mletee ulichoona. "Nimekuona wiki hii umenyamaza. Iko nini?" Kisha nyamaza, maana sisi kunyamaza tunajua. Ukianza na "najua umenichukia," umeshaandika majibu, yeye atasahihisha nini?

Mwaka 2018 watafiti watatu, Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley, walitoa kazi ya majaribio 25 juu ya jambo hili. Waliwaambia watu wajaribu kwa bidii kujiweka mahali pa mwenzao kabla ya kukisia anachofikiri au anachopenda, jambo ambalo sisi tunalisifu kila Jumapili. Hawakukisia vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Waliofanya vizuri ni waliopata nafasi ya kuzungumza na mwenzao na kumuuliza. Nilipowasimulia wamama wa likirimba, mmoja akacheka: kuuliza si ujinga, hilo mbona tulijua? Nikamwambia tulilijua kwa kuuliza njia ya kwenda soko jipya, si kwa kuuliza yaliyomo moyoni mwa mtu.

Kabla sijashuka, kuna swali lililoletwa hapa mezani kwenye kikaratasi, na mwandiko ni ule ambao nimeshauona. "Mama, nikiuliza, na akajibu ndiyo?"

Nitakujibu kwa mdogo wangu wa kiume. Kwa miaka mitatu alikuwa akinijibu neno moja moja. Sauti yangu ilikuwa imeshanieleza sababu: karo. Mwaka mmoja nilishindwa kumlipia muhula wa pili, akakaa nyumbani, na niliamini kwamba ndilo analonihesabia. Kwa hiyo nilimnunulia viatu, nikamnunulia simu, nikamtumia fedha za kitabu ambacho hakuniomba. Kila zawadi aliipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti yaya, akatoka. Mwishowe, nikiwa tayari nimeanza kuwafundisha wengine namna ya kuuliza, niliona aibu, nikamuuliza. Kuna kitu nilikukosea?

Akasema ndiyo.

Nikaanza kusema juu ya karo. Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha ninayoongea. "Karo gani? Siku ile tunaenda Sake. Ulikamata batoto ba jirani. Mimi ulisema niko mukubwa."

Alikuwa na miaka 13. Ni kweli, nilikuwa nimeshika watoto wawili wa nyumba ya pili, wakilia, mmoja kila mkono, kwa sababu kilio chao nilikisikia. Yeye hakulia. Aliachana nasi mahali fulani kabla ya Mugunga, akalala peke yake kando ya barabara kati ya watu asiowajua, akatupata kesho yake mchana, nami nilipomwona nilimuuliza kama ameiona sufuria. Sikuwa nimelikumbuka jambo hilo hata mara moja. Nilitazama daftari langu lote, kurasa zote kumi na moja. Halimo.

Nilimwomba msamaha kwa jambo lile, siku ile, mahali pale. Kisha nikamuuliza usiku ule aliupitisha vipi, na akaanza kunisimulia barabara ya Sake kama yeye alivyoiona, tangu mwanzo, na chai ikapoa mbele yetu.